UZI: Nimeokota modeli ya Datsun 240Z imeharibika, naijenga upya iwe gari la Safari ya 1971

#1 Mdau wa Kurasini

Wadau, habari za jioni.

Nafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika yanayotoka Japani. Mimi ndiye ninayeyaosha ndani na nje kabla hayajapangwa mbele kwa wateja, kwa hiyo vitu vilivyosahauliwa na wenyewe wa kwanza hupita mikononi mwangu: miavuli, CD, ramani, hirizi za hekaluni za kuombea usalama barabarani. Mwezi uliopita nikainua kifuniko cha tairi la akiba nikakuta mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na Datsun 240Z ya plastiki, skeli ya 1/24, iliyounganishwa na mtu zamani. Bosi akasema chukua.

Hali yake ni mbaya. Paa limebonyea, nadhani kwa joto la safari ya meli. Bodi nzima imepakwa rangi ya bluu kwa brashi, nene hadi mistari ya milango imezibika. Gundi imevuja kwenye kioo cha mbele ikaacha ukungu wenye alama ya kidole. Tairi mbili zimeyeyukia kwenye rimu. Bampa la nyuma halipo, vioo vya pembeni havipo, na taa moja ya mbele imebaki tundu.

Ningeweza kuiweka kabatini ilivyo. Lakini 240Z kwetu sisi si gari la kupita tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, namba 11 mlangoni, bodi nyekundu na boneti nyeusi. Aliyeshika nafasi ya pili, Shekhar Mehta, naye alikuwa kwenye 240Z. Mwaka uliotangulia Herrmann na Schüller walikuwa wameshinda na Datsun 1600 SSS. Kisha 1973 Mehta akashinda mwenyewe, tena kwa kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, hadi ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Vijana wengi wanaijua 240Z kwenye michezo ya video, hawajui jina lake lilijengwa kwenye matope ya huku.

Kwa hiyo naijenga iwe gari la Herrmann la 1971. Nitaleta hatua zote hapa, na mwenye ujuzi naomba anisahihishe mapema kabla sijakosea pasiporekebishika. Nimejenga modeli sita kabla ya hii, zote mpya za kwenye boksi. Kufufua iliyoharibiwa na mwingine ni mara yangu ya kwanza.

#2 Dogo wa Eldoret

Kaka hongera. Swali la mgeni: 1/24 maana yake nini, na hii ni tofauti gani na magari ya watoto ya dukani?

#3 Mdau wa Kurasini

Karibu mdogo wangu. Maana yake kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa 24. Gari la 240Z lina urefu wa mita 4.1 na kidogo, kwa hiyo modeli ni kama sentimita 17, inakaa juu ya kiganja na kuzidi kidogo. Skeli hii ilitokana na vipimo vya Kiingereza, nusu inchi kwa kila futi moja. Wamarekani nao wana 1/25, Wajapani wengi 1/24. Ukiziweka pamoja kabatini tofauti hata huioni, ila usichanganye tairi za moja na bodi ya nyingine.

Gari la mtoto linatoka kiwandani limekamilika. Hili linakuja vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama matunda kwenye shina. Unavikata, unavipiga msasa, unavipaka rangi, unaviunganisha. Injini, viti, usukani, kila kitu peke yake.

Na kuna hesabu moja nataka uishike tangu leo kwa sababu itarudi tena kwenye uzi huu. Ukipaka rangi yenye unene wa milimita 0.1, kwenye gari halisi hiyo ingekuwa milimita 2.4. Hakuna gari duniani lenye rangi nene hivyo. Ndiyo maana jicho linakataa modeli iliyopakwa nene hata kama mtu hajui kwa nini.

#4 Fundi Bodi Kirinyaga Rd

Sasa watu wangu. Mimi ni fundi wa bodi Nairobi, magari makubwa. Hiyo bluu ni kazi ya dakika tano. Chovya kitambaa kwenye tina ya selulosi, pangusa, imetoka. Paa piga fila ya kujaza bonde, msasa, praima ya kutangulia rangi, maliza.

#5 Mdau wa Kurasini

Fundi, asante kwa kupita, na nakuomba ubaki kwenye uzi huu maana kwenye kunyunyizia rangi nitakuhitaji. Ila tina ya selulosi hapana kabisa. Bodi hii ni plastiki ya polistairini, na tina ile ina vimiminika vinavyoyeyusha polistairini yenyewe. Rangi itatoka na mlango utatoka nayo. Nilishaona modeli ya rafiki yangu ikigeuka uji.

Kwanza natambua rangi ni ya aina gani. Nimechovya kijiti cha pamba kwenye spiriti nikasugua chini ya bodi, mahali pasipoonekana. Haikutoka. Akriliki za maji nyingi hulainika kwa spiriti, kwa hiyo nadhani hii ni enameli, rangi ya mafuta. Kwa enameli wajenzi wa modeli wa Uingereza wametumia Dettol miaka mingi, ile ya kahawia ya kawaida. Inalainisha rangi bila kugusa plastiki. Nimejaribu kwenye kipande cha fremu usiku kucha, plastiki iko salama.

#6 Mama Dawa

Naomba niongeze kama mfamasia, ingawa modeli sijawahi kujenga. Dettol unayotumia kulowekea ni ile isiyochanganywa na maji, kwa hiyo ni kali. Vaa glavu, fungua madirisha, funika chombo, weka mbali na watoto. Ikikugusa ngozi, osha kwa maji mengi. Na tafadhali usije ukachanganya dawa za kusafishia kwa kudhani zitafanya kazi haraka. Kila moja peke yake, chombo chake.

Halafu nina swali la udadisi. Taa iliyopotea utaipata wapi?

#7 Mdau wa Kurasini

Dada, taa bado sijajua. Ninaweza kuagiza vipuri, lakini kuagiza lenzi moja kutoka nje ni gharama isiyo na sababu.

Umesema vizuri kuhusu kutochanganya. Hapa kuna jambo ambalo wengi hukwama nalo: Dettol iliyokwisha kunyonya rangi, ikikutana na maji, inageuka kamasi ya kunata isiyotoka kirahisi. Kwa hiyo unasugua kwa mswaki na Dettol yenyewe hadi rangi yote iishe, unasuuza kwa Dettol safi, na ndipo unaenda kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo.

#8 Mama Dawa

Kuhusu taa: angalia karatasi za vidonge. Yale malengelenge ya plastiki angavu yana ukubwa tofauti tofauti, na mengine ni duara kamili lenye mgongo. Ukikata kwa mkasi mdogo wa kucha unapata kioo cha taa. Hapa dukani natupa karatasi tupu kila siku, nimeanza kuzitazama kwa jicho jingine tangu nisome uzi huu.

#9 Mdau wa Kurasini

Dada Mama Dawa, nimepima. Karatasi moja ya vidonge vidogo imeingia kwenye tundu la taa kama ilitengenezwa kwa ajili yake. Na kubwa zake zitakuwa spotilaiti za mbele. Ahsante sana, hili sikuwahi kulisoma popote.

Sasa ripoti ya wiki mbili.

Rangi ya bluu imetoka yote baada ya siku mbili na mswaki. Chini yake plastiki ni nyeupe, mistari ya milango imerudi, hata maandishi madogo ya mkiani yanasomeka.

Kutenganisha vipande kulinitia hofu. Gundi za modeli ziko za aina mbili na kila moja inaachia kwa njia yake. Ile ya kuyeyusha inaunganisha plastiki na plastiki ikawa kitu kimoja, hapo huna ujanja, unakata kwa wembe kufuata mstari wa zamani. Supagluu yenyewe haiyeyushi, inashika juu tu, na baridi kali huifanya iwe tete. Niliweka modeli kwenye friza usiku mzima ndani ya mfuko uliofungwa, asubuhi nikaikunja taratibu. Sakafu ya gari na bodi vikaachana kwa mlio mdogo. Viti pia. Kioo cha mbele kilitoka kizima, namshukuru Mungu.

Paa nimelinyoosha kwa maji yaliyotoka kuchemka, nikayaacha yapoe dakika chache. Unachovya sehemu iliyobonyea tu, unasukuma kwa kidole gumba kutoka ndani, unashikilia, kisha unaingiza kwenye maji ya baridi. Nimerudia mara tisa. Ukitaka limalize kwa mara moja utalipasua au utalivuta likae kama tandiko la punda. Limebaki bonde dogo, hilo ni la fila.

Kioo cha mbele: msasa wa 1500 na maji, kisha 2000, kisha dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa laini, saa nzima na zaidi. Alama ya kidole imepotea. Kumbukeni, vioo havibandikwi kwa supagluu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, inakauka angavu na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Na sasa jambo ambalo sikulitegemea. Nilipotoa dashibodi nikaiangalia kwa miwani ya kukuzia. Saa zote tano zimechorwa kwa mkono, mistari myeupe ya nambari, mishale midogo ya rangi ya chungwa, ukingo wa kila saa umepakwa fedha. Mkono uliofanya kazi ile haukuwa mkono uliopaka bluu. Nafikiri mtu mzima alianza, mtoto akamalizia, au mwenyewe alianza kwa utulivu akamaliza kwa haraka. Sijui. Lakini sitaigusa. Dashibodi inabaki kama ilivyo, na kila nitakachofanya ndani ya gari kitalinganishwa nayo.

#10 Binti Makorora

Hiyo ya dashibodi imenigusa. Tunaomba picha kubwa.

#11 Muscat Kariakoo

Salaam kutoka Muscat. Nimejenga modeli za magari tangu 2009, nikiwa Dar kisha huku. Kaka, kuhusu tairi kuyeyukia rimu, nikueleze kinachotokea maana kikikupata tena utalia.

Tairi hizo si mpira, ni vinili. Vinili ili iwe laini inatiwa mafuta ya kulainishia. Miaka inavyopita, hasa kwenye joto, mafuta yale yanahama kutoka kwenye tairi yanaingia kwenye chochote cha polistairini kinachoigusa, na yanakila polepole. Ndiyo maana mtu anafungua boksi lililofungwa miaka 30 anakuta tairi imechimba mtaro kwenye vioo. Hakuna kosa la mjenzi hapo.

Rimu zilizolika huwezi kuzirudisha, ila unaweza kuziba na fila kwa sababu sehemu iliyoharibika itafichwa na tairi. La muhimu ni kuweka kizuizi. Mimi nazungushia rimu ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, wanayofungia nyuzi za mabomba. Mafuta hayapenyi. Zungusha mara mbili, kata, visha tairi. Na unapohifadhi modeli mpya, toa tairi kwenye boksi uziweke mfuko wake peke yake.

#12 Mdau wa Kurasini

Kaka Muscat, umenifungulia macho. Nimekwenda dukani leo leo, tepu nimenunua, na nimefungua maboksi yangu mawili yaliyobaki kutenga tairi. Boksi moja tayari tairi ilikuwa imeanza kuacha alama kwenye fremu.

#13 Fundi Bodi Kirinyaga Rd

Nimesoma yote. Mdau, nilisema vibaya kuhusu tina, nimejifunza. Sasa niruhusu kwenye rangi, hapo najua.

Moja. Nyekundu ni rangi dhaifu, haifuniki. Ukiiweka juu ya praima ya kijivu itakuwa ya damu ya mzee, nzito. Weka praima nyeupe, au hata ya pinki, ndipo nyekundu ipate uhai. Magari makubwa tunafanya hivyo hivyo.

Mbili. Mpulizo wa kwanza usifunike. Unapita tu kama ukungu, plastiki bado inaonekana. Unaacha dakika kumi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ndio unaolowesha. Anayetaka kufunika kwa mpulizo wa kwanza ndiye anayepata machozi mlangoni.

Tatu. Anza kupuliza nje ya gari, pita juu ya gari, maliza nje ya gari. Ukianzia juu ya bodi, tone la kwanza la kopo linatua hapo hapo.

Nne, barakoa. Si ile ya kitambaa. Ya chujio la mkaa. Mimi mapafu yangu ninayajua.

#14 Mdau wa Kurasini

Fundi, nimefuata yote manne. Makopo nimeyaweka kwanza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, si ya moto, ili rangi itoke laini. Umbali kama sentimita 25.

Bodi imetoka safi, nikafurahi, kisha nikafanya kosa. Siku ya pili ilinyesha asubuhi, nikaona mchana jua limetoka, nikapuliza klia, ile rangi angavu ya kumalizia juu. Baada ya dakika tano bodi nzima ikawa na wingu jeupe kama kioo cha bafuni. Hewa ilikuwa bado imejaa maji. Tina inapokimbia kwenye rangi inapoza uso wake, unyevu wa hewa unatua pale na kunaswa ndani. Waliozoea pwani wanaijua. Nimelala vibaya siku hiyo.

#15 Fundi Bodi Kirinyaga Rd

Usiguse msasa! Hiyo inarudi. Subiri siku kavu, upepo kidogo, saa saba au nane mchana ambapo unyevu uko chini. Puliza klia ile ile, nyembamba sana, mara moja. Itafungua ile ya chini na unyevu utatoka. Sisi gereji tunaongeza tina ya kuchelewa kukauka, lakini hiyo kwa plastiki yako sijui, usijaribu.

#16 Muscat Kariakoo

Fundi yuko sahihi. Huku kwetu tatizo ni kinyume chake. Kiangazi rangi inakauka hewani kabla haijafika, bodi inakuwa kama msasa. Napuliza alfajiri, na karibu zaidi.

#17 Mdau wa Kurasini

Nimesubiri siku nne. Jumapili saa nane mchana, anga kavu, mpulizo mmoja. Wingu limeondoka mbele ya macho yangu, kutoka ukingoni kwenda katikati. Fundi, Mungu akupe maisha marefu.

Boneti nyeusi nimeipaka jana. Ni nyeusi isiyong'aa, iliwekwa hivyo ili mwanga usimpige dereva machoni. Nimefunika bodi yote kwa tepu na gazeti, na ukingo wa tepu nimeupulizia kwanza klia kidogo ili kama kuna mwanya uzibwe na klia, nyeusi isipenye. Mstari umetoka kama umekatwa na wembe.

Stika. Za gari hili sinazo, na printa ya kawaida haichapi nyeupe. Nimekata duara kwenye karatasi nyeupe ya stika za maji, zile unazolowesha ndipo zihamie kwenye bodi, na namba 11 ni rehema kwa mtu wa mkasi, karibu ni mistari miwili tu. Ningechagua gari la namba 28 ningekuwa bado nimeinama mezani. Majina ya madereva juu ya mlango nimeyachapa kwa herufi nyeusi kwenye karatasi angavu, nikapuliza klia juu kabla ya kuweka kwenye maji, la sivyo wino unayeyuka.

Swali kwenu sasa. Nimebakiza matope. Picha ya gari lenyewe ninayo. Nissan, wenye jina la Datsun, wanalo hadi leo kwenye hifadhi yao ya Zama, Japani, na 2013 walilifufua likatembea tena. Lakini pale liko safi. Mimi nalitaka likiwa njiani. Nimepaka matope ya kahawia kuanzia magurudumuni hadi paani. Picha hizi hapa. Mnaonaje?

#18 Binti Makorora

Inapendeza! Inaonekana imetoka shambani kweli.

#19 Mzee wa Mwatate

Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni mtu wa Taita. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne mwaka 1971, na Pasaka zote za miaka ile tulikuwa tunalala barabarani kusubiri gari za Safari. Naomba mniruhusu niseme kuhusu matope hayo.

Mwanangu Mdau, kazi yako ni nzuri sana, lakini matope hayo si ya gari lililokimbia. Ni ya gari lililozama. Gari la Safari linapokuja kwa kasi, tope halipandi juu sawasawa. Linatoka tairi la mbele na kurushwa nyuma, kwa hiyo mlango unachafuka chini zaidi, umbo kama la bawa, linapanda likielekea nyuma. Nyuma ya tairi la nyuma ni zito. Mkia wote unakuwa na vumbi, kwa sababu upepo wa gari unalivuta lirudi pale. Kioo cha nyuma hakionekani kabisa. Paa lina vumbi jembamba tu, hakuna tope. Kioo cha mbele kina mapindi mawili waipa zilipofagia, na ndani yake safi.

Tena rangi. Umeweka rangi moja ya kahawia. Kwetu Voi na Mwatate udongo ni mwekundu, ukiingia kwenye shati hautoki. Ukienda nyanda za Athi ni ule mfinyanzi mweusi, unashika kama gundi na ukikauka unakuwa kijivu. Gari lililopita kote lina tabaka. Nyeusi imekauka chini, nyekundu juu yake, au kinyume, kulingana na lilikotoka. Sisi watoto tulikuwa tunaangalia tope la gari tunajua limepita wapi.

#20 Mdau wa Kurasini

Shikamoo Mzee wangu.

Nimesoma maneno yako mara tatu. Nimelowesha kitambaa na nimeshafuta paa na milango, matope yalikuwa ya rangi ya maji na chini kuna klia, yametoka bila kudhuru. Naanza upya kwa maelekezo yako.

Naomba kuuliza mawili. Spotilaiti za mbele, zilifunikwa mchana? Na tope jekundu likikauka linabaki jekundu au linapauka?

#21 Mzee wa Mwatate

Marahaba mwanangu.

Taa, nyingine nilizoziona zilikuwa na vifuniko mchana, nyingine hazina. Kwa gari hilo moja sitasema nisilolikumbuka.

Tope likikauka linapauka, linakaribia rangi ya chungwa iliyofifia. Likiwa bichi ni jekundu zito. Chini ya madigadi ambako jua halifiki linabaki bichi muda mrefu. Weka rangi mbili za jekundu hilo hilo.

#22 Muscat Kariakoo

Mzee, ahsante kwa kutupa kitu ambacho hata Wajapani wenyewe hawakiandiki kwenye maelekezo ya boksi.

Mdau, ushauri wa mwisho kutoka kwangu. Usitumie rangi kutengeneza udongo. Tumia udongo. Ila kumbuka ile hesabu yako ya namba 3: chembe ya mchanga ya milimita 0.1 kwenye skeli hii ni kokoto ya milimita 2.4. Chekecheo la unga halitoshi. Chukua udongo, koroga kwenye ndoo ya maji, subiri nusu dakika mchanga ushuke, mimina yale maji machafu kwenye chombo kingine. Yaache hadi kesho. Kinachotulia chini ni laini kama poda. Kausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo ili usiingize ukungu kabatini. Changanya na klia ya akriliki isiyong'aa, tia kwenye brashi ngumu, kwangua nywele zake kwa kijiti ukielekeza chini ya mlango. Itaruka yenyewe kama alivyosema Mzee.

#23 Mzee wa Mwatate

Udongo wa Dar hautakupa rangi hiyo. Mjukuu wangu anasafiri kwenda Dar kwa basi wiki ijayo. Nitampa chupa mbili ndogo: moja ya hapa nyumbani, nyingine nitamwambia binti yangu aliyeko Athi River achote. Nitumie ujumbe wa faragha namna atakavyokupata.

#24 Dogo wa Eldoret

Wakubwa, nimeamua kuanza. Ninunue nini kwanza?

#25 Mdau wa Kurasini

Boksi moja la gari la kawaida lisilo na injini, vipande vichache. Koleo kali ya kukatia, kisu cha wembe, msasa wa 400, 800 na 1500, gundi nyembamba ya kuyeyusha yenye brashi, praima na rangi moja ya kopo. Basi. Eabrashi, ile ya kupuliza rangi kwa hewa, usinunue mwaka huu. Osha vipande kwa sabuni kabla ya yote, vinatoka kiwandani na mafuta. Na fremu tupu usitupe. Ukipasha kipande moto juu ya mshumaa kikalainika, ukikivuta taratibu kinakuwa uzi mwembamba wa kutengenezea antena. Ukikatakata vipande ukaviloweka kwenye ile gundi unapata fila ya plastiki ile ile.

Ukikwama njoo hapa hapa.

#26 Mdau wa Kurasini

Chupa zimefika jana usiku. Mjukuu wa Mzee amenikabidhi stendi, zimefungwa kwa kitambaa na kuandikwa kwa kalamu: "Mwatate" na "Athi". Nimeziweka mezani zote mbili kando ya gari. Nyekundu ya Mwatate ni nyekundu ambayo nisingeweza kuichanganya kwa kopo lolote nililo nalo.

Nyeusi imeshapita kwenye maji, inakauka jikoni. Nitaanza na hiyo, chini ya sakafu na ndani ya madigadi, niiache ikauke ipauke, ndipo nyekundu ije juu yake kuanzia tairi la mbele kurudi nyuma. Mapindi ya waipa nimeshayakata kwa tepu kwenye kioo.

Mzee, waipa za 240Z zinalala upande gani zikiwa zimesimama? Picha zangu zote zina mwanga mkali hapo, na gari lako la Safari nataka lisikosee hata hilo.